Kusambaza meseji hakumlipii mtoto matibabu

Ujumbe huu hauzeeki: mwanasoka au mwimbaji mashuhuri, kwa kuguswa na imani yake, ameahidi shilingi 500 za matibabu ya mtoto kwa kila kundi utakalolitumia. Mwishoni huja kitisho kwamba atakayekaa kimya hana dini.

Hakuna pesa inayotoka. Meseji za makundi ya WhatsApp husafiri zikiwa zimefungwa kwa siri, na staa hana namna ya kujua umeituma mara ngapi. Watu huchanganywa na ahadi za kweli, mathalani kiasi fulani kwa kila bao au kwa kila chapisho la hadharani. Hizo zinahesabika.

Nakili sentensi moja, iweke ndani ya alama za nukuu kwenye kitafutio. Mara nyingi utaikuta ile ile ya zamani, jina la staa tu limebadilishwa. Tarehe haina, inasema “leo”, na leo hiyo haiishi. Ikiwepo namba ya kuchangia, soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Mishale miwili juu ya meseji maana yake imepita mikono mingi, si kwamba imethibitishwa.

Ikikufikia, usiisambaze. Aliyekutumia mwambie faraghani, si mbele ya kundi.