Je, wajua kwa nini Farao mwenye dhahabu tele alivaa kioo?

Kinyago cha dhahabu alichozikwa nacho Tutankhamun, Farao wa Misri ya kale, kina uzito wa kilo 10 hivi. Kwenye kilemba chake kuna michirizi ya buluu, na wengi huidhania lapisi lazuli, jiwe ghali lililotoka milima ya Afghanistan. Nyusi ndizo za lapisi. Michirizi ni kioo.

Wala hakubania pesa. Leo ushanga wa kioo unanunuliwa kwa mafungu sokoni, lakini miaka 3,400 iliyopita kioo kilikuwa kitu kipya na adimu.

Tusikichanganye na faiensi. Hiyo Wamisri walikuwa nayo tangu zamani sana: unga wa mawe meupe ya kwatzi, chokaa kidogo, na majivu au magadi, vinakandwa kisha vinachomwa. Shaba ndiyo iliyoupa rangi ya feruzi. Waliiita tjehenet, yaani king'aacho, na ilivaliwa na wakubwa kwa wadogo. Gauni moja la wavu lililofukuliwa Giza mwaka 1927, la enzi za Farao Khufu, lina shanga zipatazo 7,000.

Kioo kilianza kushamiri Misri kama mwaka 1500 KK, nacho kilikuwa kazi ngumu. Sharti mchanganyiko uyeyuke kabisa, tena kwa moto mkali usioyumba. Fundi alichukua kijiti cha shaba kilichopakwa udongo, akazungushia uzi wa kioo laini kama asali nzito, kikapoa, akauchomoa ushanga. Ukiutazama kwa karibu utaona mistari myembamba ikizunguka tundu: ndiyo njia uliyopita ule uzi.

Buluu iliyokolea ilitokana na madini ya kobalti. Wamisri waliita lapisi khesbedj, na kioo cha buluu wakakiita khesbedj ya tanuri. Kwao hiyo haikuwa bandia (na hapa ndipo sisi tunapokosea). Ilikuwa buluu ileile ya mbinguni, ila imetengenezwa na mikono ya watu.

Thamani yake inaonekana kwenye barua ya kibao cha udongo iliyopatikana Amarna, mji wa kale wa Misri. Yidya, mtawala wa mji wa Ashkelon katika nchi ya Kanaani, anamjibu Farao kwa unyenyekevu mwingi: mfalme ameagiza kioo, nami namletea vipande 30.