Prosesa ina VAES ila keneli haiitumii? Cheki asembla kwanza

Wiki iliyopita nimekesha na seva moja ya Zen 3 (prosesa ya AMD), diski yake imefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), nikaibildia Linux 6.10 makusudi ili nipate ile kodi ya usimbaji ya AES-XTS inayotumia VAES (instraksheni za prosesa zinazosimba vipande kadhaa vya AES kwa mpigo), nawasha, nafungua /proc/crypto (orodha ya kodi za usimbaji ambazo keneli inazo), xts-aes-aesni-avx isiyotumia VAES naiona ila xts-aes-vaes-avx2 niliyoifuata haipo. Nacheki /proc/cpuinfo, vaes ipo, na vpclmulqdq ambayo kodi hiyo inaihitaji pia ipo. Sasa shida nini?

Shida ilikuwa mashine niliyobildia. Ina kompaila ya GCC 6.3 na binutils 2.28 (pakeji yenye asembla ya GNU, programu inayogeuza instraksheni kuwa kodi ya mashine), na hizi instraksheni asembla hiyo inazijua kuanzia 2.30. Hapa wengi tunachanganya: prosesa inaulizwa keneli ikishawaka, asembla inaulizwa mapema kabisa, wakati .config (faili la machaguo ya bildi) inatengenezwa, na ikigoma basi ile kodi haiingii kwenye keneli, hata uipeleke kwenye prosesa ya bei gani.

Kwenye 6.10 swali lenyewe liko arch/x86/Kconfig.assembler (Kconfig ndiyo inayotengeneza hiyo .config), chini ya AS_VAES:

def_bool $(as-instr,vaesenc %ymm0$(comma)%ymm1$(comma)%ymm2)

as-instr haina habari na namba ya vesheni. Inaupeleka huo mstari kwa kompaila, matokeo yanatupwa /dev/null, ukipita ni y, ukigoma ni n. Naipenda sana njia hii, maana asembla ya LLVM ina namba zake tofauti kabisa. Halafu ziangalie vizuri hizo ymm, rejista za biti 256. Jina vaesenc lipo tangu AVX (nyongeza ya zamani zaidi ya instraksheni za x86), ila kwa rejista za xmm za biti 128, kwa hiyo ukipima na xmm asembla ya zamani itakubali tu halafu bildi ikufie mbele ya safari. Na hiyo $(comma) usiiguse, ukiweka koma ya kawaida Kconfig inaisoma kama mwanzo wa agumenti nyingine, jaribio linafeli kila mara na huoni error yoyote.

Huo ukimya ndio ulionila usiku mzima. Kwenye .config hukuti hata "is not set", mstari haupo kabisa! Siku hizi kabla ya make naanza na grep AS_VAES .config, ikirudi tupu nauliza mwenyewe:

echo 'vaesenc %ymm0,%ymm1,%ymm2' | gcc -c -x assembler -o /dev/null -

Ikilalamika kuhusu operandi, weka binutils mpya, rudia make olddefconfig (inatengeneza .config upya), grep tena, ndio ubildi. Nilivyofanya hivyo xts-aes-vaes-avx2 ikatokea.