"Fundi, hiyo si ya Ferrari, itashinda wapi?"

Msimu wa langalanga (Formula 1) ukianza, gereji yangu hugeuka baraza. Mteja anaegemea boneti, anauliza timu fulani inatumia injini ya nani. Ukimtajia kampuni inayounda injini tu bila kuuza magari, anacheka: haina kiwanda nyuma yake, itashinda wapi? Nimejibu swali hili na spana mkononi mara nyingi mno, sasa naliandika.

Turudi 2010. Cosworth ya Northampton, Uingereza, kampuni ya kuunda injini tu iliyoondoka langalanga mwisho wa 2006, ilirejea na V8 (silinda nane) ya lita 2.4. Ikawauzia Williams pamoja na timu tatu changa: Lotus Racing, Virgin na HRT. Hao wachanga hawakuambulia hata pointi moja mwaka mzima, na hukumu ikatoka mitaani: injini mbovu. Lakini Novemba, kule Interlagos, Brazil, Nico Hülkenberg wa Williams akaongoza kufuzu, akimwacha wa pili kwa zaidi ya sekunde moja. Injini ni ileile! Ndiyo, najua, lami ilikuwa inakauka na alipiga mzunguko wake wakati mzuri. Sawa. Ila kuingia ile barabara ya mwisho Interlagos unapanda mlima, na injini chovu ingeumbuka hapo. Williams ikamaliza msimu ya sita, wenzake wakabaki mkiani. Waliokuwa wagonjwa ni magari: yalijengwa haraka na timu zilizoanzia sifuri, hewa haiyakandamizi kwenye kona.

Ugonjwa huu wa kulaumu injini nauona kila wiki. Mtu analeta gari la rali anataka nishushe injini, nikikagua nakuta shokapu zimekufa na alaimenti imepinda. Tafadhali, injini iwe ya mwisho kufunguliwa.

Na kama bado mnasema injini huru hazishindi, basi DFV, injini ya Cosworth, mnaiweka wapi? Keith Duckworth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, aliichora kwa lita 3 na silinda nane. Juni 1967, Zandvoort, Uholanzi, ikashuka uwanjani kwa mara ya kwanza kwenye Lotus 49, na Jim Clark akashinda siku hiyohiyo. (Ya Graham Hill, mwenzake wa Lotus, ilikufa njiani, tusifiche.) Hadi 1983 ilikuwa na ushindi 155 na mataji 12 ya madereva. Ferrari ya silinda kumi na mbili iliizidi nguvu miaka mingi, lakini DFV ilikuwa nyepesi, ilikunywa mafuta kidogo, na ilibeba gari yenyewe: imefungwa moja kwa moja nyuma ya dereva, sasipensheni ya nyuma ikashikizwa kwenye injini na gia boksi. Hakuna chuma cha ziada cha kubeba. Kisha iliuzwa, hata timu ndogo ya gereji ikanunua ileile ya bingwa.

Wateja hawaishi hoja. "DFV ilikuwa ya Ford." Jina kwenye kava ya injini, ndiyo. Ford alitoa pauni 100,000. Kazi ni ya Cosworth.

"Ukishapata mainjinia wazuri, injini imepatikana." PURE, kampuni ya injini ya Craig Pollock, ilimchukua Gilles Simon, mhandisi aliyewahi kuwa Ferrari, iunde V6 ya turbo kwa kanuni za 2014. Julai 2012 ikasimamisha kazi kwa kukosa fedha. Haikuwa na timu hata moja iliyosaini kununua.

"Farasi wengi ndiyo ushindi." Tangu 2014 mtiririko wa mafuta kwenda kwenye injini una kikomo, na kwa kanuni za 2026 mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350. Anayepoteza joto ovyo ameshachelewa.

Jana mwingine kaniuliza kama Ford ndiye kaunda injini mpya ya timu ya Red Bull. Kampuni ya vinywaji ilifungua karakana yake ya injini Milton Keynes mwaka 2021; Ford alikuja baadaye kusaidia, hasa upande wa umeme. Jina la Ford kwenye kava, kama ile ya 1967, wajomba.