Miguu ya kaloli si myeupe
Anayetembea asubuhi katika mitaa ya Kampala akiwa na kamera hukutana mapema na kaloli, yaani korongo mfukoshingo, amesimama juu ya paa au kando ya jalala. Na kwa miaka mingi watu wamesadiki kwamba ndege huyu, ambaye kimo chake hufika mita 1.5, ana miguu myeupe. Ukweli ni kwamba ngozi ya miguu hiyo ni ya kijivu iliyokoza. Weupe tunaouona, na ambao picha nyingi huuthibitisha kimakosa, ni kinyesi chake mwenyewe, ambacho hujimwagia miguuni wakati wa joto ili majimaji yake, yanapokauka, yaipoze damu inayopita humo.