Je, wajua kwa nini viazi hugoma kuiva ukitanguliza nyanya?

Saa mbili usiku, wageni wameshanawa mikono, na harufu ya mchuzi imefika hadi barazani. Unachota kiazi kimoja uonje. Kimeshika rangi ya bizari, chumvi imekolea, lakini jino likizama linakutana na kitu kama pera lisiloiva. Unaongeza maji, unafunika, unangoja robo saa. Bado. Unachochea moto. Bado. Mwisho unamlaumu aliyekuuzia: "Leo kanipa viazi vibovu."

Mimi nimemlaumu mama anayeniuzia viazi mara nyingi mno, na siku hizi nikipita kwenye meza yake naona haya kidogo. Viazi vyake havikuwa na kosa. Niliyekosea zamu ni mimi: nilitanguliza nyanya, tena nyingi, halafu nikakamua ndimu mapema eti ikolee.

Kata kiazi ukitazame. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga. Wanga huo umefungiwa ndani ya seli ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na seli zenyewe zimegandishwa pamoja na kitu kiitwacho pektini. Ni pektini hiyo hiyo inayoifanya jamu igande kwenye chupa. Sasa kiazi kikiwa jikoni hupitia mambo mawili, ingawa sisi huyaita yote "kuiva". La kwanza, wanga hunywa maji na kuvimba. Hili huanza kwenye nyuzi joto 60 hivi. La pili, pektini hukatika na kuyeyuka taratibu, seli zikaachana, na hapo ndipo uma unapopita bila kusukumwa. Hili la pili linataka joto la karibu na maji yanayochemka, na linataka muda.

Asidi huizuia kazi hiyo ya pili. Katika maji matupu pektini hukatika vizuri, ila ukiyatia maji uchachu, kama ule wa nyanya, ukwaju, ndimu au embe bichi, kasi ya kukatika hushuka sana. Ndiyo maana kiazi kilichokaa kwenye rojo la nyanya kinaweza kuwa si kibichi tena, wanga wake umeshaiva kabisa, na bado kikalia mdomoni. Hakijakosa moto. Gundi yake ndiyo haijaachia.

Kama huniamini, jaribu mwenyewe. Gharama yake ni kiazi kimoja. Kimenye, kikate vipande sawasawa vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba, ugawe mafungu mawili. Fungu moja kwenye sufuria ya maji ya chumvi, la pili kwenye maji yale yale ila umeyakamulia ndimu nzima. Bandika yote kwa pamoja. Nilipofanya hivi, baada ya robo saa vipande vya maji matupu vilikuwa vinapondeka kwa mgongo wa kijiko. Vya ndimu vilikuwa na kona kali kama nilivyovikata, na kisu kilipopita kilitoa mlio.

Waliopika kabla yetu hawakuhitaji neno pektini. Angalia urojo wa Unguja: mbatata huchemshwa peke yake, rojo lenye embe au ukwaju likapikwa kivyake, na viwili hivyo vikakutana mwishoni. Shangazi yangu alikuwa akisema tu, "Uchachu ni wa mwisho, mwanangu," na ukimuuliza kwa nini anakutazama kama umemuuliza kwa nini maji ni majimaji. Wapishi wa maharage nao wanaijua sheria hii: nyanya haziingii mpaka maharage yawe laini. Na anayetia magadi kwenye maharage anacheza na pektini ile ile kwa upande wa pili, kwani magadi huuondoa uchachu na gundi ikaachia upesi. (Usijaribu magadi kwenye viazi vya mchuzi. Huwa uji, na ladha ya sabuni haijifichi.)

Najua kuna msomaji anayesema: "Mimi hukaanga nyanya kwanza kila siku na viazi vyangu huiva." Kweli kabisa. Ni suala la kiasi. Nyanya mbili katika maji mengi hazina uchachu wa kutosha kuharibu kitu, zitakuchelewesha kidogo tu. Shida huja nyanya zikiwa sita, au ukiongeza nyanya ya kopo ambayo imekolezwa, na maji yakawa machache kwa sababu unataka mchuzi mzito. Aina ya kiazi nayo ina neno. Shangi, ambacho Kenya kimejaa kila soko, kinajulikana kwa kuiva haraka, kwa hiyo husamehe makosa mengi. Viazi vingine vina wanga kidogo na havina huruma.

Haya, tupike. Kwa watu wanne, mlo wenyewe na si kitoweo cha pembeni: viazi kilo moja, mayai manne, vitunguu maji viwili, nyanya nne zilizoiva, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari ya manjano, tui zito kikombe kimoja, ndimu na pilipili.

Menya viazi, kata kila kimoja vipande vinne, vitie kwenye maji ya baridi yenye chumvi, ubandike. Mayai yaoshe uyachemshe humo humo kama unaona uvivu wa sufuria ya pili, mimi huona. Wakati viazi vinachemka, kaanga vitunguu hadi viwe vyekundu, si vyeupe vya kulegea. Tia saumu na tangawizi, bizari, kisha nyanya zilizosagwa, na hapa usiwe na haraka. Zikaange mpaka mafuta yajitenge na kuelea pembeni. Nyanya isiyokaangwa vya kutosha ndiyo inayoufanya mchuzi uwe na ukali unaokwaruza koo, na watu wakafikiri ni pilipili.

Kisu kikipita kwenye kiazi bila kukwama, epua, uweke kando kikombe kimoja cha yale maji. Tia viazi kwenye nyanya, mimina maji hayo, kisha ponda vipande viwili au vitatu ukutani mwa sufuria. Huo wanga ndio unaofanya mchuzi uwe mzito, huhitaji unga wala kitu cha pakiti. Tui liingie sasa, moto mdogo, ukoroge mpaka lichemke. Mayai yaliyomenywa yatie mwisho, na ndimu ukamulie sufuria ikiwa chini. Chapati ikiwepo ni heri, isipokuwepo viazi vyenyewe vinashibisha.

Kuna balaa moja zaidi linalofanana na hili la nyanya, nalo ni gesi kuisha katikati. Viazi vikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi joto 50 hadi 70 hivi, kimeng'enya (kichocheo cha asili) kilichomo ndani ya kiazi huamka na kuibadilisha pektini ili ishikane na kalisi (yaani kalsiamu) iliyomo. Gundi inakuwa ngumu kuliko mwanzo, na ukija kuvichemsha tena baada ya saa nzima vitakukatalia kwa muda mrefu. Gesi ikikuishia, visogeze haraka kwenye mkaa wa jirani, au viepue kwenye maji uvipoze, kisha uvikaange.

Lakini ugumu huo huo una siku yake. Ukipika viazi karai, unataka kiazi kilichoiva ambacho hakitabomoka kikichovywa kwenye rojo la unga na kutupwa kwenye mafuta. Hapo tia kijiko kimoja cha siki kwenye maji ya kuchemshia. Vipande vitachukua dakika chache zaidi, vitatoka na kona zao zote, na utavigeuza kwenye karai bila kuokota makombo. Ukwaju wake uweke kwenye bakuli pembeni.