Je, wajua pembe ya ndovu iliyonaswa bandarini hutajaje kwao?

Zile pembe kubwa za Mapembeni, pale Moi Avenue mjini Mombasa, ni za alumini. Ukizipeleka maabara hazina la kusema. Pembe ya kweli ni mambo mengine: kipande kidogo kama sarafu chatosha kuonyesha ndovu mwenyewe aliishi pande zipi za Afrika, hata kama karatasi za kontena zimeandikwa "majani chai".

Na majani chai si mfano wa kubuni. Mwaka 2015 Singapore ilinasa tani 3.7 za pembe kutoka Mombasa zilizofukiwa humo. Habari zikasema "pembe za Mombasa", kana kwamba ndovu walichinjwa Likoni.

Kazi ya kuwatafutia kwao huanzia kwenye mavi, tusione haya. Bonge bichi la mavi ya ndovu, kama yale unayoyapita njiani Shimba Hills, lina utando wa ute kwa nje. Ute huo umebeba seli zilizobanduka utumboni, na ndani ya seli mna vinasaba (DNA) vya mwenye mavi. Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya sampuli, nyingi zikiwa za mavi, kutoka nchi 29 za Afrika, wakachora ramani ya vinasaba vya ndovu. Ramani hiyo yawezekana kwa kuwa ndovu jike haendi mbali: huzaa na kulea katika kundi la mamake. Vizazi vikipita, ndovu wa kila pande huwa na alama zao, mfano wa lafudhi. Mtu akisema "yuaja" badala ya "anakuja", huhitaji kitambulisho kujua ni wa pwani.

Pembe nayo ni ngumu, na ukiitoboa kwa keekee joto huharibu vinasaba. Kwa hivyo kipande hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, kikasagwa kikiwa baridi hivyo hivyo mpaka kiwe unga. Kisha husomwa sehemu 16 za vinasaba na kulinganishwa na ramani. Majibu ya 2015 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za ndovu wa nyika zilizonaswa kwa shehena kubwa miaka ya karibuni zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. (Nasema "wa nyika" kwa sababu vinasaba hivyo hivyo vilionyesha kuwa ndovu wa msituni ni spishi nyingine, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imewaorodhesha mbalimbali tangu 2021.)

Lakini mimi kilichonishika ni pembe pacha. Ndovu ana pembe mbili, ila kwenye shehena nyingi zilizopimwa, zaidi ya nusu ya pembe hazikuwa na mwenzake. Mwenzake yuko wapi? Mara nyingine alipatikana kwenye kontena jingine kabisa, lililopita bandari ile ile katika muda wa miezi kumi hivi. Kwa kuunganisha pacha hao, mwaka 2018 Wasser na wenzake walieleza mitandao mitatu mikubwa ya magendo: Entebbe (Uganda), Lomé (Togo) na, ndiyo, Mombasa.

Mwaka 2022 wakaenda mbele zaidi, wakatafuta jamaa badala ya pacha tu, katika pembe 4,320 za shehena 49. Wakakuta mzazi kwenye shehena hii, mwanawe kwenye nyingine, ndugu kwenye ya tatu: majangili walikuwa wakirudi kwa makundi yale yale, mwaka baada ya mwaka.