Kukatisha kazi iliyokwama hakurudishi data ilivyokuwa

Wengi wanaohudumia kompyuta kuu zenye mfumo endeshi wa z/OS huamini kwamba kazi ya bechi (programu inayoendeshwa bila mtumiaji kuingilia) iliyokwama ikikatishwa kwa amri ya CANCEL, data hurudi kama ilivyokuwa kabla haijaanza. Ni imani inayoeleweka, maana kwenye Db2, mfumo wa hifadhidata, ndivyo ilivyo kwa kiasi fulani: mabadiliko ambayo hayajathibitishwa kwa COMMIT hutenguliwa. Yaliyokwisha kuthibitishwa yanabaki. Na kutengua kwenyewe huchukua muda, pengine mrefu, hivyo kazi huonekana bado ipo hata baada ya amri. Hapo ndipo watu hukimbilia FORCE, amri nzito inayopaswa kuwa ya mwisho kabisa.

Faili za kawaida kwa kawaida hazina kinga hiyo. Rekodi zilizoandikwa zimeandikwa. Kazi ikirudiwa tangu mwanzo, malipo yaleyale yanaweza kuingia mara mbili.

Kwanza hakikisha imekwama kweli. Kwenye SDSF, zana ya kufuatilia kazi, tazama muda wa CPU na hesabu ya EXCP (maombi ya kusoma na kuandika data): zikipanda, kazi inatembea (ingawa huenda inazunguka palepale). Zikiganda, andika D GRS,C uone nani kashikilia faili inayosubiriwa, na D R,L uone kama kuna ujumbe unaongoja jibu la opereta. Mara nyingi ni hilo tu. Ukishakatisha, logi ya kazi itaonyesha msimbo wa S222, au S122 kama uliomba dampo (nakala ya kumbukumbu ya kazi wakati inakatika), pamoja na hatua iliyokatika. Anzia hapo kuamua irudiwe kutoka wapi.